Mvua Inayeyusha Sanamu Zangu

SWALI: Shikamoo mama. Niko Mvumi, wilayani Chamwino. Kila kiangazi nafinyanga sanamu za ng'ombe uani kwa udongo wa kichuguu na kinyesi cha ng'ombe. Mvua za Desemba zikianza zinayeyuka, ikifika Februari ni matuta tu. Baba mdogo anasema nizipige plasta ya saruji, la sivyo napoteza nguvu bure. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Saruji usiiguse. Udongo wa kichuguu una mfinyanzi mwingi: ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na plasta haiendi nao. Itapasuka, maji yataingia kwenye ufa yakae humo, halafu siku moja ganda litadondoka na nusu ya ng'ombe.

Baba mdogo naye mjibu kwa adabu. Muulize paa la tembe lilikuwa likisiribwa lini. Kila mwaka kabla ya mvua, na hakuna aliyesema wazee wanapoteza nguvu. Mwaka 1970 msanii Mmarekani Robert Smithson alijenga tuta la mawe meusi na tope, limejizungusha kama konokono, urefu wa karibu mita 460, ndani ya Great Salt Lake, jimbo la Utah. Ziwa likapanda, likalifunika miaka mingi. Ukame ulipolifichua mwanzoni mwa miaka ya 2000, mawe yalikuwa yamevaa chumvi nyeupe. Smithson alikuwa amekufa tangu 1973. Kazi iliendelea bila yeye. Watu wanasafiri mbali kuliona.

Kwa hiyo mvua yako ipangie kazi. Kiini kifinyange kwa udongo mwekundu, kikikauka kisiribe tabaka jembamba la udongo mweupe. Matone ya kwanza yatatoboa weupe mgongoni, wekundu uchuruzike mbavuni. Changanya na changarawe kidogo: kila kokoto litakinga udongo ulio chini yake, pembeni panamomonyoka, vinabaki viguzo vyembamba vyenye kofia ya jiwe. Hapo mimi huchuchumaa nikatazama mpaka chai inapoa. Sijaona kitu kizuri kama kile kwenye sanamu ya saruji.

Kinyesi nacho usikichambue sana. Mifugo ya kiangazi inakula maganda ya migunga, na mbegu nyingi hupita tumboni zikiwa nzima. Ukipenda, pachika na uwele kwenye tabaka la juu, lakini ngoja mvua ikaribie; ukiutia wakati wa kufinyanga utaota kwenye tope bichi na kufa kwa jua. Mbuzi wakija kula miche, waache.

Piga picha kila asubuhi, ukisimama palepale. Kama unataka vya kuuza, finyanga vidogo vyenye uwazi ndani, bila kinyesi, uvichome kama vyungu. Hiyo ni kazi nyingine, isikuharibie hii.

Na yale matuta ya Februari yarundike kivulini, yafunike kwa gunia. Mei ukiulowesha udongo ule, utakandika vizuri kuliko ule mpya.