Minyoo myeupe kwenye kioo cha tangi: usimwage maji

Dada, umeeleza kwamba tangi lako la samaki ni la lita 60, lina mwezi wa pili, samaki wako wadogo aina ya gapi wanakula vizuri, ila kila asubuhi unakuta minyoo myeupe kama nyuzi za kushonea ikipanda kioo. Na jamaa aliyekuuzia samaki amekwambia umwage kila kitu, uchemshe changarawe, usugue kioo kwa dawa ya kupaushia nguo.

Nakuomba usifanye hivyo. Mimi nilifanya, na ndani ya siku tano nikazika samaki tisa.

Nilikuwa Mwanza, mwaka wangu wa kwanza wa kufuga. Nilimwaga maji yote, nikachemsha changarawe, nikasuuza sponji ya filta chini ya bomba mpaka ikawa kama mpya. Siku ya tatu samaki wote walikuwa juu ya maji wanatweta, matamvua mekundu kama yameungua. Minyoo haikuwa na kosa. Kwenye sponji na changarawe wanaishi bakteria wanaobadili amonia ya kinyesi cha samaki isiwe sumu, na mimi niliwaua wote kwa mchana mmoja. Kuwajenga upya huchukua kama wiki nne hadi sita, na samaki hawawezi kusubiri hivyo.

Kwa hiyo kwanza mtambue mdudu wako. Usiku zima taa, subiri nusu saa, umulike kioo kwa tochi ya simu. Mvute mmoja kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mtie kwenye glasi ya maji safi, weka kitu cheusi nyuma. Akiwa mwembamba na anajinyonganyonga kama nyoka kila akielea, ni mnyoo wa uchafu tu, jamaa ya nyungunyungu. Anakula mabaki ya chakula na majani yaliyooza, hamgusi samaki. Akiwa bapa, anateleza juu ya kioo taratibu bila kujipinda, na kichwa chake kina pembe kama ncha ya mshale na vidoa viwili vya macho, huyo ni planaria. Ukimwona mara moja hutamsahau.

Kwa maelezo yako naona ni wa uchafu. Hao kwa kawaida hukaa ndani ya changarawe. Wakipanda kioo kwa wingi, mara nyingi chini kumekosa hewa au chakula kimezidi. Je, kwenu umeme hukatika usiku? Kwangu nilikuja kugundua kwamba asubuhi zile kioo kilipojaa minyoo ndizo zilizofuata usiku wa kiza, pampu ikiwa imelala saa nyingi.

Nilichokifanya safari ya pili ni hiki. Chakula nilipunguza kikawa mara moja kwa siku, kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili, na siku moja kwa wiki sikuwapa kitu kabisa. Hapo gapi wenyewe walianza kuichuma minyoo kwenye kioo. Kila baada ya siku nne nilifyonza uchafu wa chini kwa mpira wa maji, nikiuchomeka kabisa ndani ya changarawe mpaka lile wingu la kahawia liishe, nikitoa kama robo ya maji tu. Maji ya kujazia nililaza kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke. Sponji nikawa naikamua ndani ya maji yaleyale niliyotoa tangini, kamwe si bombani. Wiki ya tatu nilikuwa nahesabu minyoo miwili mitatu, na hiyo niliiacha. Tangi lisilo na mnyoo hata mmoja sijawahi kuwa nalo, na sioni haja.

Ikiwa ni planaria, usimponde kwenye kioo, maana kipande kikikatika huota mwili mzima upya. Tega: chupa ndogo yenye vitundu, kipande cha nyama mbichi ndani, ilale usiku kucha, alfajiri uitoe imejaa. Wakizidi kuna fenbendazole, dawa ya minyoo ya mifugo, lakini inaweza kuua konokono wa tangini, basi wahamishe kwanza.

Kuna mmoja tu ambaye ningekuambia ukimbie: ukiona nyuzi nyekundu zinachungulia kwenye tundu la haja la gapi, hasa akiwa ametulia bila kusogea. Huyo ni kamalanusi, anaishi ndani ya utumbo na ananyonya damu. Kupunguza chakula hakumsaidii samaki huyo. Inatakiwa dawa ya minyoo iitwayo levamisole, irudiwe baada ya wiki mbili au tatu, na baada ya kila dozi ufyonze chini vizuri, kwa sababu dawa humpoozesha mnyoo akatoka, ila watoto wake hubaki.

Na hili naliandika kwa uzito wote, kwa kuwa umesema mimea uliichuma mwenyewe ziwani. Konokono wa ziwani wanaweza kuwa wamebeba kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono vikaogelea majini, na vinapenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Mpaka utakapowatoa konokono wote waliokuja na mimea ile na siku tatu zipite, usiingize mkono mtupu tangini, wala watoto wasichezee maji yake. Vaa glavu ndefu, au tumia koleo. Kama umeshaingiza mkono mara nyingi, mwambie daktari hivyohivyo ulivyotuambia sisi, akupime. Dawa yake ipo.

Leo usiku piga picha ya mmoja akiwa kwenye glasi, kichwa kionekane, kisha itume. Na uniambie umeme ulikatika au la.