Kuwaongoza Wanaokuzidi Ujuzi wa Teknolojia

Ndugu, umeuliza utawaongozaje vijana wa idara yako ilhali wanaifahamu mifumo mipya kuliko wewe, na kama inakupasa kwanza ujifunze kuunda programu. Kwa maoni yangu, hilo si la lazima. La lazima ni kujua kuuliza na kuwa tayari kusikia jibu usilolipenda. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, aliunda kamera ya kidijitali, lakini kampuni hiyo, iliyokuwa ikitegemea faida ya filamu za kupigia picha, ilisita kuhamia huko kwa moyo wote, na mwaka 2012 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Ujuzi, kama unavyoona, ulikuwamo humo humo ndani.

Kwa hiyo, mfumo mpya unapoletwa, keti kando ya anayeutumia, umwombe akuonyeshe kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, kisha umuulize mfumo hukosea wapi na ni nani atakayeligundua kosa hilo. Waeleze mapema pia ni kazi zipi zitakazobadilika, kwa kuwa hofu ya kupoteza ajira (nayo ni hofu ya haki kabisa) huwafanya watu wafiche matatizo ambayo wewe ndiye uliyepaswa kuyajua kwanza.