78A au 95A? Gurudumu la ndani na gurudumu la nje

SWALI

Fundi, salaam. Nina skeiti za magurudumu manne kila mguu, mawili mbele na mawili nyuma. Zilikuja na magurudumu yaliyoandikwa 62mm 95A. Ukumbini, kwenye sakafu ya mbao, zinakwenda vizuri mno. Nikitoka nazo kwenye lami, dakika kumi tu nyayo zimekufa ganzi na meno yanagongana, na juzi kajiwe kasikozidi punje ya mahindi kalizuia mguu mmoja nikaenda chini kifudifudi. Rafiki yangu mmoja ananiambia ninunue 78A kwa ajili ya nje. Mwingine, anayecheza hoki kwa skeiti za mstari mmoja, anasema 78A ni za ndani, nje huwekwa magumu zaidi. Nimsikilize nani? Nina kilo 90. Na je, kuna gurudumu moja linalofaa kotekote?

JIBU

Salaam, na pole kwa kuanguka. Rafiki zako wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja kasemea viatu vyake. Huyo wa hoki nitamrudia, maana kuchukua namba za skeiti za mstari na kuzihamishia kwenye skeiti za manne ni kosa ninalokutana nalo sana hapa mezani.

Kwanza hiyo 95A yenyewe. Ni kipimo cha ugumu, na hupimwa kwa durometa: kifaa cha kushika mkononi, chenye uso kama wa saa na kisindano butu kinachosukumwa na springi. Unakikandamiza juu ya gurudumu. Kisindano kikizama chote, yaani milimita 2.5, mshale unasoma 0; kisipozama hata chembe, unasoma 100. Herufi A ni jina la kipimo, Shore A, kutokana na Albert Shore aliyebuni kifaa hicho. Kwa hiyo 78A haina maana ya "nje" wala 95A haina maana ya "ndani". Zinakwambia kisindano kimezama kiasi gani, basi. Ukikuta gurudumu limeandikwa 101A au 103A, kumbuka kwamba kipimo kinaishia 100. Mtengenezaji anachotaka kusema ni kwamba hili ni gumu kulipita lile lake la 97. Na ukikuta 50 yenye herufi D, usilinunue ukidhani umepata godoro. D ni kipimo cha vitu vigumu, na 50 yake iko jirani na hiyo 95A yako.

Sasa chuchumaa kando ya barabara uitazame lami kwa karibu. Utaona vijiwe vilivyogandishwa pamoja, vichwa vikiwa vimetokeza juu. Gurudumu la 95A likipita hapo halibonyei. Lisipobonyea halina budi kupanda, na likipanda linakupandisha wewe na kilo zako 90, kisha linakuachia, kisha linakupandisha tena. Nguvu ya kukupandisha inatolewa kwenye mwendo wako mwenyewe, ndiyo maana nje unasukuma sana na hufiki. Kinachobaki ni mtetemo unaopanda nyayoni, nao ndio ganzi yako. Mtetemo huohuo hulegeza nati, kwa hiyo kabla hujasoma mbele zaidi nenda kazikague.

Gurudumu la 78A hutatua jambo hilo kwa kukubali kubonyea. Kichwa cha kijiwe kinazama ndani ya poliurethani, yaani plastiki ya gurudumu, na kiatu kinabaki katika usawa uleule. Wewe hupandi, gurudumu ndilo linaloingia ndani. Ukivaa mguu mmoja 95A na mwingine 78A ukakatiza kipande kilekile cha lami, masikio yatakwambia kabla ya miguu: mmoja unakwaruza kwa kelele, mwingine unavuma kwa sauti ya chini. Nimewafanyia wabishi wengi jaribio hilo, na hakuna aliyeniomba nirudie.

Ndani mambo yanageuka. Sakafu ya mbao iliyopigwa vanishi haina vichwa vya kumeza, kwa hiyo ulaini unabaki na hasara yake tupu. Kila gurudumu laini linapozunguka, sehemu iliyo chini yako inabonyea, na ikirudi hairudishi nguvu yote uliyoitia. Nyingine inapotea kuwa joto. Mguuni utaihisi kama kuendesha baiskeli yenye upepo pungufu. Hasara ya pili haitajwi sana, nami naiona kubwa kuliko ya kwanza: ndani unahitaji kuteleza kidogo. Kusimama kwa kutanua miguu, kuzunguka mahali pamoja, kugeuka ghafla, yote hayo yanataka gurudumu liachie sakafu kidogo kidogo. La 78A kwenye vanishi haliachii. Linang'ang'ania, linaruka, linang'ang'ania tena, na anayelipa ni goti.

Lakini gumu nalo lina kikomo. Zamani, nikiwa najiona bingwa, niliingia kwenye ukumbi wa terazo iliyosuguliwa ikang'aa kama kioo, nikiwa na magurudumu ya 97A niliyoyapenda kuliko chochote. Kona ya kwanza tu, miguu ikaenda upande wake na mimi upande wangu. Magurudumu yaleyale kwenye mbao yalikuwa yananata vizuri. Kumbe kuuliza "ndani au nje" hakutoshi. Uliza sakafu ya ndani ni ipi. Mbao zenye vanishi nzima hushika, kwa hiyo zinavumilia 95A hadi 98A. Terazo, vigae laini na saruji iliyosuguliwa huteleza, hapo shuka hadi kati ya 88A na 92A. Vumbi ni utelezi pia: ukumbi usiofagiwa hulifanya gurudumu lolote lijione gumu kuliko lilivyo. Wanaocheza dansi na kuzunguka kwa ufundi ndio hupanda hadi 100 na zaidi, kwa sababu wao wanautafuta utelezi. Wewe bado hujafika huko, na hakuna haraka.

Kilo 90 zina uzito katika hesabu hii, kwa maana zote mbili. Gurudumu hubonyezwa na mzigo ulio juu yake, kwa hiyo 78A chini yako itabonyea kuliko ilivyo chini ya mtu wa kilo 50. Yeye atasema ni laini kiasi, wewe utasema ni ugali. Kanuni ninayoitumia ni kupanda pointi mbili hadi nne kwa mtu mzito na kushuka kiasi hichohicho kwa mtu mwepesi. Ndiyo maana nje nisingekupa 78A kama lami yako ni nzuri. Ningekupa 80A, hata 82A. Kama barabara ni mbovu, ya vijiwe vikubwa vilivyotokeza, basi 78A hiyohiyo. Na ndani, mtoto anayelalamika kwamba 95A zake "zinateleza kama barafu" huwa hadeki. Hana uzito wa kuzifanya zishike.

Turudi kwa mchezaji wa hoki. Skeiti ya mstari ina magurudumu membamba yaliyopangwa kama meno ya msumeno, na mchezaji akikata kona hulalia ubavu wa gurudumu. Eneo linalogusa sakafu ni dogo sana, na hoki ni mchezo wa kukata kona kwa nguvu zote. Kwenye sakafu laini ya ndani anahitaji gurudumu linalonata hasa, kwa hiyo huweka kati ya 72A na 78A. Akitoka nje kwenye lami, ulaini huo ungekwanguliwa akamaliza seti upesi, ndipo anapanda hadi 82A au 85A. Skeiti zako wewe zina magurudumu mapana, na ukiegemea upande mmoja, bushi, yaani vile vipande vya mpira vilivyo chini ya kiatu, hubonyea ili magurudumu yote manne yabaki yamelala sakafuni. Mshiko unao tayari kwa upana. Huhitaji kuutafuta kwa ulaini. Namba zake ziache kwenye viatu vyake.

Nimetaja bushi, basi niseme neno moja. Wapo wanaozilegeza wakitarajia kupunguza mtetemo wa lami. Bushi zikilegea kiatu kinayumba, mtetemo unabaki palepale.

Kuhusu gurudumu la kotekote: lipo, linauzwa, na kwa kawaida ni kati ya 84A na 88A. Linafaa kwa mtu ambaye nje yake ni saruji laini ya uwanja wa mpira wa kikapu na ndani yake ni utelezi. Kwako wewe, unayetoka kwenye mbao nzuri kwenda kwenye lami ya vijiwe, litakuudhi pande zote mbili. Ningebaki na hizo 95A kwa ukumbini na kutafuta seti ya pili ya nje.

Katika seti hiyo ya pili usitazame A peke yake. Tazama kipenyo: 65mm hupanda juu ya kijiwe kwa urahisi kidogo kuliko 62mm, na hukaa na mwendo kwa muda mrefu zaidi. Lakini pima kwanza. Funga gurudumu moja la mbele na moja la nyuma, vaa kiatu, egemea upande hadi mwisho wa uwezo wako, uangalie kama gurudumu linagusa soli. Likigusa, rudi kwenye 62mm. Tazama pia jinsi linavyodunda, maana magurudumu mawili yenye namba ileile yanaweza kuwa na tabia tofauti kabisa. Liangushe bila beringi kutoka usawa wa goti kwenye sakafu ngumu. Linalodunda juu lina uhai; linalotua pu na kunyamaza litakula nguvu zako barabarani, hata kama limeandikwa namba nzuri. Na kama maandishi yamefutika, tumia kucha ya dole gumba. Kwenye 78A kucha inazama na kuacha alama inayorudi polepole. Kwenye 95A inateleza juu.

Nunua na beringi za pili, 16, uziache ndani ya magurudumu ya nje moja kwa moja. Usipofanya hivyo utakuwa unazing'oa na kuzirudisha kila wiki, na kila unapong'oa unazipinda ngao, yaani vifuniko vyake vya pembeni. Kabla ya kulipa, pima ekseli yako: ikiwa ya milimita 8 unataka beringi za 608, ikiwa ya milimita 7 unataka 627. Kwa nje zote zina milimita 22, kwa hiyo zitaingia kwenye gurudumu bila kukuonya. Ni kwenye ekseli ndipo utakapogundua, ama haziingii, ama zinacheza. Ukifunga, kaza nati hadi gurudumu ligome, kisha irudishe taratibu mpaka lizunguke kwa uhuru na kubaki na mchezo mdogo sana wa upande ukilitikisa kwa vidole. Mwisho wa ekseli uonekane umetokeza kwenye nati. Usipotokeza, plastiki iliyo ndani ya nati haijashika uzi wa ekseli, na nati itakuaga njiani.

Magurudumu ya nje yasiingie ukumbini hata siku moja. Hayo malaini huokota chembe za mchanga na kutembea nazo, na vanishi ya watu inachanika. Hayo ya 95A nayo, kwa kuwa umeshayatembeza kwenye lami, yapitishie kidole. Ukihisi yamekwaruzika kama msasa, yafute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha uyazungushe kwa siku kadhaa kwenye sakafu safi. Mikwaruzo midogo hujilainisha. Yaliyomeguka vipande hayaponi.

Jambo jingine la nje ni jua. Poliurethani hulainika ikipata joto, kwa hiyo 80A ya asubuhi siyo 80A ya saa nane mchana juu ya lami inayochoma. Ukiona siku moja skeiti ni nzito bila sababu, gusa magurudumu kabla hujaanza kulaumu beringi.

Kuhusu kajiwe kaliko­kuangusha, nisikudanganye: laini na kubwa litasamehe kijiwe cha ukubwa wa punje ya mchele, na hutajua hata kama ulikikanyaga. Cha punje ya mahindi bado kinaweza kulizuia gurudumu, 78A au isiwe. Nje usiende miguu ikiwa sambamba. Peleka mguu mmoja mbele ya mwingine kwa karibu nusu ya urefu wa kiatu, kunja magoti, uzito uegemee kidogo kwenye mguu wa nyuma. Wa mbele ukigonga kitu, una nafasi ya kuyumba na kurudi kabla pua haijafika chini.