Shangazi alimeza dawa ya jino, tukaishia kutoa mpira wa tumboni

Mimi sio daktari, ila mwaka jana nimeshika mifuko ya shangazi kwa mikono hii hapa Ngamiani, kwaiyo naandika nilichokiona.

Shangazi anaishi Muscat, figo zilimfelia hukohuko wakamuwekea mpira tumboni, mrija mwembamba, yani badala ya kwenda kwenye mashine ya kuchuja damu anajiwekea tumboni mfuko wa maji ya dawa lita mbili, yanakaa masaa manne mpaka sita yanavuta uchafu, anayamwaga anaweka mengine, mara nne kwa siku. Alivyokuja Tanga kututembelea na maboksi yake ungedhani anakuja kufungua duka. Akanifundisha na mimi, feni zima, dirisha funga (na joto letu mnalijua), barakoa vaa, mikono osha na ukaushe haswa usiniletee mikono mibichi mwanangu. Ule mfuko uliotoka tunaulaza juu ya gazeti, kama maandishi yanasomeka basi maji masafi, yakifanana na maji ya kuoshea mchele hapo hakuna kusubiri kesho.

Sasa jino likamuuma. Mimi huyuhuyu nikaenda duka la dawa nikamletea vidonge vya rangi mbili, antibayotiki, hakuna alieuliza kitu, jino likatulia tukafurahi.

Wiki tatu baadae gazeti halisomeki. Tumbo linamkata, homa juu. Tukampeleka Dar wakamuanzishia antibayotiki za bakteria, siku ya nne maji bado mazito vilevile, ndo maabara walioyaotesha wakasema ni fangasi, kandida, ndugu wa ule utando mweupe unaotoka midomoni kwa watoto. Daktari akatuuliza karibuni ametumia antibayotiki gani, mimi nikainama. Anasema zile zinaua hadi bakteria wazuri wanaomzuia fangasi asitambe, na akishaganda kwenye mpira dawa haimfikii vizuri kwaiyo mpira unatoka, tena haraka, na dawa za fangasi zinaendelea wiki mbili au zaidi baada ya kuutoa. Mjomba akaleta ubishi eti tusubiri kwanza, jamani kwa hili msisubiri, watu wanakufa.

Kwaiyo wewe mwenye mpira, au unaemuuguza mwenye mpira, ukiandikiwa antibayotiki iwe ya jino iwe ya mkojo sema kabisa nina mpira tumboni, uliza kama utapewa na kinga ya fangasi, nistatini ya kumeza au flukonazo, achague yeye mana flukonazo inagombana na dawa nyingine nyingi. Na maji yakichafuka usiyamwage, nenda na mfuko wenyewe hospitali wakaupime.

Shangazi sasa anachujwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki na analalamika kila akipiga simu, alikuwa mtu wa kujifanyia mambo yake mwenyewe. Yale maboksi yaliyobaki bado yako chumbani kwangu, yameshaisha muda.