Viatu jozi ishirini na mbili

MUULIZE MAMA WILOLESI
Safu ya wasomaji wanaopokea wageni wa siku chache majumbani mwao. Mama Wilolesi anapangisha nyumba ndogo ya uani, Iringa mjini.

SWALI: Shikamoo Mama Wilolesi. Mimi ni kijana wa miaka 29, niko Block T hapa Mbeya. Mama amehamia Tukuyu kumuuguza bibi, akaniachia nyumba yetu ya vyumba viwili niiangalie. Nikaipaka rangi, nikanunua magodoro mapya, nikaiweka Airbnb, ule mtandao wa kupangisha nyumba kwa siku chache, kwa shilingi 60,000 kwa usiku. Wiki ya Nanenane likaingia ombi la kwanza: watu wawili, siku mbili. Jina moja tu, picha hakuna, maoni ya wenyeji waliowahi kumpokea hakuna. Ujumbe wake wote ulikuwa "Habari, ipo?" Kwenye wasifu ameandika anatoka Tunduma. Rafiki yangu akaniambia watu wa Tunduma ni wapiga dili, nisithubutu. Nikakataa. Wiki nzima gesti za mjini zimejaa, kwangu magodoro mapya yanakaa na nailoni yake. Mama naye anasema hata ningemkubali, ningemdai kwanza cheti cha ndoa. Mama, hivi mgeni anachujwaje?
Kijana wa Block T, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama huko Tukuyu mpe pole ya kuuguza.

Nianze na Tunduma, maana hapo umeniudhi. Mimi ni Mhehe. Utani wote wa Wahehe na mbwa nimeshausikia, na mara moja niliusikia nikiwa nimebeba trei ya chai ya huyo huyo aliyekuwa anautoa. Kwa watani, sawa, tunacheka. Lakini kumnyima mtu kitanda kwa sababu ya mji anakotoka si utani tena. Halafu fikiri kidogo: Tunduma ni mji wa mpakani, watu wanaishi kwa kununua na kuuza. Mtu wa namna hiyo akija Mbeya wiki ya Nanenane anashinda Uyole kwenye mabanda, anarudi miguu inawaka moto, anaoga, analala. Mgeni wa aina hiyo mimi ningemlipa nauli aje.

Hujakosea peke yako. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwahi kutuma maombi kwa wenye nyumba wapatao 6,400 katika miji mitano ya Marekani. Ujumbe ni ule ule, kilichobadilika ni jina. Waliotumia majina yanayojulikana kuwa ya Wamarekani weusi walikubaliwa kwa pungufu ya asilimia 16 hivi kuliko wenye majina ya wazungu. Kelele zikawa nyingi, na tangu mwaka 2018 Airbnb haikuonyeshi picha ya mgeni mpaka uwe umeshamkubali. Kwa hiyo huyo wako usimlaumu kwa kukosa sura. Hata angeweka picha ya harusi usingeiona. Na kuhusu maoni, hebu jiangalie na wewe: nyumba yako haina hata maoni mamoja, na bado alikuwa tayari kulala kwako.

Ombi likiingia unapewa saa 24 za kujibu. Wewe ulizitumia kumuuliza rafiki yako. Ungemuuliza mgeni mwenyewe.

"Habari, ipo?" si tusi. Ndivyo tunavyonunua kila kitu, kuanzia simu iliyotumika mpaka kiwanja. Mimi namjibu hivi, na maneno haya nimeyahifadhi kwenye simu: "Karibu sana. Nyumba ipo. Naomba kujua unakuja na nani, mna shughuli gani mjini, na mtafika kwa usafiri gani ili nijue saa ya kuwapokea." Basi. Simuulizi kabila, dini wala mshahara.

Swali la usafiri ndilo ninalolipenda. Msafiri wa kweli anajua basi lake. Atakwambia "natoka Dar na la saa kumi na mbili asubuhi, likichelewa Kitonga nitakupigia." Atakwambia "nakuja na Coaster, nikishuka nitauliza bodaboda." Na msafiri wa kweli ana maneno ya ziada ambayo hukumuomba: wifi yake ana kliniki hospitali ya rufaa Jumatatu, mtoto anatapika kwenye gari, anataka mahali pa kuweka gunia la maharage. Yule asiyesafiri anajibu kwa maneno mafupi yaliyonyooka. "Familia. Mapumziko. Usafiri binafsi."

Mimi hayo majibu yaliyonyooka yalinigharimu. Ilikuwa mwezi wa saba, Jumamosi. Kijana mstaarabu, ameandika vizuri, watu wanne, familia, mapumziko. Hakuuliza kitu hata kimoja. Iringa, mwezi wa saba, usiku ambao hata mbwa anatafuta blanketi, mtu anakuja kupumzika na haulizi kama kuna maji ya moto! Nikampokea, nikampa funguo, nikaenda zangu Kihesa kwa dada yangu.

Saa tatu usiku jirani akanipigia. Sauti ya chini kabisa. "Dada, pole. Umefiwa na nani?"

"Sijafiwa."

"Mbona basi mlangoni kwako kuna viatu jozi ishirini na mbili, na watu bado wanaingia?"

Nilikuwa nimebandika karatasi mlangoni: TAFADHALI VUA VIATU. Wametii, watoto wa watu, wamevipanga ukutani kama msikitini. Ndani kuna subufa, kreti za bia zimefika dirishani, na jiko la mkaa limewekwa juu ya vigae vya sebuleni, mishikaki inageuzwa. Lile duara jeusi la jiko lipo mpaka leo, nimelifunika na mkeka. Ukija kulala kwangu usiuinue.

Tangu siku ile nasikiliza zaidi anachouliza mgeni kuliko anachojibu. Anayekuja kulala anauliza vya kulala: maji ya moto, blanketi ngapi, geti linafungwa saa ngapi, duka la mkate liko wapi. Anayekuja na subufa anauliza vingine: magari mangapi yanaingia, majirani wako karibu kiasi gani, wewe mwenyewe unakaa humo humo? Haya ya pili si dhambi. Mtu mwenye Fuso anaweza kuuliza maegesho kwa haki kabisa. Yakija yote matatu kwa mpigo, na ni Jumamosi, na ni usiku mmoja, na anaishi mji huu huu, namwambia kwa upole kwamba nyumba yangu haichukui shughuli, ila ukumbi upo, ngoja nikuelekeze. Wengi wanashukuru. Mmoja alinijibu "sawa mama, na bei ya ukumbi ni ngapi?" Tukamalizana hapo.

Hilo la mtu wa mji huu huu si chuki yangu ya Kihehe. Airbnb yenyewe ilipiga marufuku sherehe mwaka 2020, mwanzoni kwa muda, na mwaka 2022 ikaifanya marufuku ya kudumu. Kule Marekani na Kanada mfumo wao unapima kati ya mambo mengine umbali kutoka anakoishi mgeni hadi kwenye nyumba, siku atakazokaa, na kama ni wikendi. Mwenye gesti yeyote wa pale Mlandege angewaambia hayo bure, kwa kikombe cha chai. Lakini mtu wa mjini ana sababu zake pia. Nimewahi kumpokea mwalimu wa hapa hapa ambaye nyumba yake ilikuwa inapigwa dawa ya kunguni. Alinieleza mwenyewe kabla sijamuuliza, tena kwa aibu, na alifika na nguo alizovaa tu.

Nami nakosea. Kuna mzee mmoja, dereva wa lori, hakuuliza chochote na alijibu neno moja moja. Nilimpokea na wasiwasi wangu. Alilala saa kumi na moja mfululizo, akatandika kitanda, akaondoka. Kuna watu hawana maneno tu.

Sasa cheti cha ndoa. Mwambie mama, kwa heshima zote, cheti akidai siku akiwa mshenga. Wazazi wangu walikaa pamoja miaka 41 bila karatasi yoyote, cheti chao kilikuwa ng'ombe. Ukidai cheti utawafukuza mume na mke wa miaka ishirini wasiotembea nacho kwenye begi, na utampokea tapeli aliyetengeneza chake stesheneri kwa shilingi elfu tano. Mimi ninachotaka ni kitambulisho cha kila mtu mzima anayelala, si cha aliyelipa peke yake. Hapo sina mchezo. Na ninaangalia umri. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Huhitaji kumuuliza binti miaka mingapi mbele ya mwanaume aliyekuja naye, unasoma namba. Akija mwanaume na binti anayeonekana mtoto, kitambulisho hana, na maelezo yanagongana, huo si mjadala wa bei. Haingii, na unampigia mwenyekiti wa mtaa au polisi palepale.

Hivyo vitambulisho navisomea mlangoni, kwa macho. Daftari langu ni la kawaida, kava ngumu, nimelichora mistari: jina, namba ya kitambulisho au pasipoti, anakotoka, anakokwenda, sahihi. Sitaki mtu anitumie picha ya kitambulisho WhatsApp. Simu yangu anaichezea mjukuu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayotaka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi linaloeleweka na zisitumike kwa jingine. Picha ya NIDA ya mgeni iliyobaki kwenye simu yako miaka miwili, kusudi lake ni lipi?

Fedha, kwa kifupi. Akikuomba mmalizane nje ya programu ili ule na yeye kile kidogo cha makato, kataa, maana siku akivunja televisheni hutakuwa na wa kumlilia. Wanaokuja moja kwa moja kwa kupigiwa debe na ndugu, hao nawapokea, na malipo ni kabla ya funguo. Usisome ujumbe wa muamala, angalia salio. Ujumbe mtu yeyote anaweza kuuandika. Na jina linalokuja na muamala lilinganishe na la kitambulisho. Yakitofautiana uliza tu. Mara nyingi laini ni ya mke wake.

Yule wa Tunduma, kama ombi lake bado lipo kwenye simu yako, muandikie. Mwambie ulikuwa mgeni wa kazi, na mwakani wiki ya Nanenane chumba chake kipo.

SWALI: Mama Wilolesi, kamwene. Baada ya kuibiwa mashuka mara mbili nataka kufunga kamera ndogo sebuleni. Wageni hawataiona. Unasemaje?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Kamwene. Nasema usifunge. Kama uko Airbnb, kamera za ndani zimepigwa marufuku duniani kote tangu 30 Aprili 2024, hata ukiitangaza, hata ikiwa sebuleni. Ya nje, getini, inaruhusiwa ukiisema wazi kwenye tangazo. Na hata kama huko Airbnb haupo, mtu anatoka bafuni na taulo, wewe unamtazama kwa ajili ya shuka? Nunua mashuka meupe ya aina moja, yahesabu mbele yake akiingia na akitoka. Nikihesabu hivyo wanacheka, lakini mashuka yanabaki.

SWALI: Alisema watu wawili. Saa nne usiku wakashuka watano, mvua inanyesha. Nikawafukuza. Mke wangu hajanisemesha tangu juzi.
Baba wa watatu, Njombe

JIBU: Njombe, usiku, mvua, nje? Mkeo ana haki. Mimi idadi naiandika kwenye ujumbe na bei ya kila anayezidi, na nawahesabu wakishuka kwenye gari, si wakishakaa kwenye kochi. Wakizidi nachagua mambo mawili tu: wanalipa ziada na kuandikwa daftarini wote, au nawatafutia gesti nikiwa nimewakalisha barazani na chai. Mwaka jana walinijia sita badala ya wanne. Mmoja alilipa ziada bila kelele. Wa sita alikuwa na wiki tatu tangu azaliwe, nikamwandika jina lake na kwenye sahihi nikamwekea mstari.