Pesa za tabianchi za wadi: uliza hivi
Umeuliza utajuaje pesa za FLLoCA (mpango wa Kenya wa kufadhili miradi ya tabianchi mashinani) za wadi yenu zilifanya kazi gani. Ripoti za robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti zitakuonyesha kaunti ilitumia ngapi. Kisha iandikie kaunti chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Usiulize tu "pesa zilienda wapi", utazungushwa. Taja mradi, wadi na mwaka wa fedha, uombe kandarasi na cheti cha malipo. Kama ni kisima, linganisha mita zilizolipiwa na zilizochimbwa. Hapo ndipo pesa za wananchi huvuja! Kaunti ina siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman). Na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi, la sivyo watasema hawakuiona barua.