Raba za breki si za kupaka oili

Wadogo zangu mnaoanza kazi gereji, mimi somo la mpira nililipia kwa hela yangu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa pikapu nibadilishe raba za breki za nyuma, vile vipande vya mpira vinavyozuia mafuta ya breki yasivuje kwenye silinda. Raba mpya zikagoma kuingia kwenye silinda, nikazipaka oili ya injini kidogo. Zikateleza, nikajiona fundi. Siku chache baadaye gari likarudi linanuka, magurudumu yamekamata, ngoma za breki hazishikiki kwa moto. Fundi mkuu akatoa raba moja, akaiweka kiganjani pamoja na mpya. Ya kwangu ilikuwa imevimba, laini kama embe lililoiva kupita kiasi. Hakunifokea. Aliniambia tu nikanunue nyingine.

Mpira ni minyororo mirefu ya molekuli iliyojikunjakunja na kushikizwa hapa na pale. Ukivuta inanyooka, ukiachia inajikunja tena. Njia ya kuweka vishikizo hivyo aliigundua Mmarekani Charles Goodyear mwaka 1839, alipochanganya mpira wa utomvu na salfa akautia moto. Vishikizo hivyo ndivyo pia vinavyofanya tairi chakavu lisiyeyushwe likawa tairi jipya. Utalikata tu ushone katambuga.

Sasa, kimiminika kinachopatana na mpira fulani hupenya katikati ya minyororo hiyo na kuitanua. Raba za breki za magari mengi ya leo ni za EPDM, aina ya mpira wa kiwandani: mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 haziyajali, lakini oili, petroli, dizeli na grisi ya kawaida zinazivimbisha. Baadhi ya sili za injini, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, ni za nitrile, aina nyingine ya mpira wa kiwandani, nazo zinazoea oili vizuri. Kwa macho zote nyeusi, zote zinanyumbulika, kwa hiyo usiokoteze oringi, ile pete ya mpira, kwenye kopo la masalia eti kwa sababu imeenea.

Lile dumu lililokatwa, la petroli ya kuoshea vyuma, liacheni mbali na silinda za breki. Raba ikigoma kuingia, ichovye kwenye mafuta ya breki yenyewe, kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa siku hiyo. Na mteja akikuambia kijana wake alijazia oili kwenye kitangi cha breki, usimwage tu ukajaza upya. Mfumo mzima uoshwe, na raba zote, pamoja na mipira ya kupitisha mafuta, zitoke. Atalalamika bei. Mwonyeshe iliyovimba kando ya mpya.